Kazi Isiyosomewa: Wazuia Mauaji ya Kimbari na Mto Unaopita Kagera

Maruku imekaa juu ya mgongo wa milima kusini mwa mji wa Bukoba, migomba imeizunguka kila nyumba, na chini yake limelala Ziwa Victoria. Pana kituo cha utafiti wa kilimo kinachojulikana na kila mkulima wa mkoa wa Kagera. Mnyauko wa migomba ulipoingia mkoani katikati ya miaka ya 2000, somo lililozunguka vijijini lilikuwa fupi: ua dume liondolewe kwa mti wenye panda, si kwa kisu, panga lisafishwe kabla ya kugusa shina jingine, na shina lililougua ling'olewe mapema, kabla jirani hajaupata ugonjwa.

Nilipoanza kuandika habari za watu ambao ajira yao ni kuzuia mauaji ya kimbari, mfano huo wa mgomba ndio ulionijia kwanza. Niliuandika, kisha nikaufuta. Waliopanga mauaji ya Rwanda mwaka 1994 walipenda mno lugha ya shamba: magugu, kufyeka kichaka, kung'oa mzizi pamoja na chipukizi. Kuua kwenyewe walikuita "gukora", yaani kufanya kazi. Mtu akishafananishwa na mmea mgonjwa, aliyeshika panga anajiona bwana shamba.

Kwa hiyo naliacha shamba na kubaki na neno kazi. Kuna chuo cha kilimo, cha ualimu na cha uuguzi. Lakini walioifanya kazi ya kuzuia mauaji ya kimbari katika ukanda wetu hawakuisomea popote. Walitoka kwenye ubalozi, gazeti, magereza, dawati la karani wa mahakama. Na waliosimamia mauaji nao walikuwa na taaluma zao, mara nyingi zilezile.

Ndugu wawili wa tabaka moja, hadi 1963

Mgeni akisoma historia ya Rwanda kisha ya Buhaya, nchi ya Wahaya wa Kagera, atadhani anasoma kitabu kimoja mara mbili. Hapa palikuwa na falme kadhaa, Maruku ikiwa mojawapo, pamoja na Kiziba, Kiamtwara, Kianja, Ihangiro, Bugabo, Misenyi na Karagwe. Nyingi zilitawaliwa na Bahinda, waliojihesabu kuwa uzao wa Ruhinda. Chini yao walikuwa Bairu, wakulima wa kibanja. Juu ya ardhi ulikuwapo mfumo wa nyarubanja, ambamo mwenye shamba kubwa aliwatoza waliokaa ndani yake kodi na utumishi. Ng'ambo ya mto Kagera, Rwanda, walikuwapo mwami, yaani mfalme, Watutsi, Wahutu, na mikataba ya ng'ombe iliyomfunga mnyonge kwa mwenye nguvu.

Wajerumani walitawala pande zote mbili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakaichukua Tanganyika, Wabelgiji wakachukua Rwanda na Burundi. Gisaka, sehemu ya mashariki ya Rwanda inayopakana na Ngara na Karagwe, ilikatwa na kupewa Waingereza mapema miaka ya 1920 kwa sababu ya ndoto ya reli, kisha ikarudishwa. Reli haikujengwa. Laiti ingejengwa, huenda watu wa Rusumo wangekuwa Watanzania leo, na orodha ya waliouawa mwaka 1994 ingekuwa tofauti. Mpaka ni jambo dogo sana linapochorwa.

Njia ziliachana miaka ya 1930. Wabelgiji waliwahesabu Wanyarwanda na kuwapa vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na karatasi hiyo ikawa hatima, kwani mtoto alirithi alichoandikiwa baba. Huku Buhaya hakuna Mhinda wala Mwiru aliyeandikwa hivyo kwenye kitambulisho. Manung'uniko yalikuwapo, tena makali, lakini yalipata mdomo mwingine. Makarani na walimu wa Bukoba waliunda Bahaya Union mwaka 1924. Wakulima wa kahawa wakagombana na serikali hadi vurugu za mwaka 1937 dhidi ya kanuni za kilimo cha kahawa. Baadaye TANU ikaja na kuwakusanya wote. Baada ya uhuru, serikali ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, na sheria ya mwaka 1965 ikaanza kumpa mpangaji wa nyarubanja haki ya ardhi aliyoilima. Kwa karatasi mbili za wizarani, ngazi iliyodumu karne kadhaa ilipoteza nguvu.

Sisemi kwamba Wahaya ni watu wema kuliko Wanyarwanda. Nasema kwamba waliotunga sheria zile, wanasheria na maofisa wa ardhi ambao majina yao hayakumbukwi mitaani, walifanya kazi ya kuzuia bila kujua jina lake.

Na jina lilikuwapo. Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka Warsaw, alilibuni neno "genocide" katika kitabu chake cha mwaka 1944. Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba tarehe 9 Desemba 1948. Tanzania ilijiunga nao mwaka 1984, na Rwanda ilikuwa imejiunga tangu 1975. Mkataba ule una maneno mawili katika jina lake, kuzuia na kuadhibu. Kuadhibu kulikuja kupata majaji, majengo na bajeti. Kuzuia kulibaki neno.

Mwanadiplomasia na meza yake, 1959 hadi 1993

Mapinduzi ya mwaka 1959 nchini Rwanda yaliwaleta wakimbizi wa kwanza Kagera. Wengine walipewa ardhi Muyenzi, Ngara, na mwaka 1980 maelfu ya Wanyarwanda nchini wakapewa uraia wa Tanzania. Mkoa wenyewe ukaonja vita mwaka 1978, Idi Amin alipoivamia ardhi ya kaskazini mwa mto na majeshi yake yakalivunja daraja la Kyaka. Kijana wa Bukoba aliyezaliwa miaka ya 1960 alikua akijua kwamba shida huja kutoka ng'ambo, na kwamba huja na watu waliobeba magodoro.

Oktoba 1990 watoto wa wakimbizi wale wa 1959 waliingia Rwanda kutoka Uganda wakiwa na silaha, chini ya kundi la waasi la RPF. Mazungumzo yalianza Arusha katikati ya mwaka 1992, na aliyeshika usukani kila siku alikuwa Balozi Ami Mpungwe, mkurugenzi wa masuala ya Afrika katika Wizara ya Mambo ya Nje. Kazi yake ilikuwa ile ya mwanadiplomasia yeyote: rasimu, aya, mabano, chai, rasimu tena. Waliotazama mazungumzo yale wameyasifu kwa ustadi, na mkataba ulitiwa saini tarehe 4 Agosti 1993.

Tatizo ni kwamba meza ya Arusha iligawa vyeo na jeshi, na waliohisi wamenyang'anywa walikuwa wakijipanga nje ya ukumbi. Tarehe 22 Novemba 1992, mazungumzo yakiendelea, Léon Mugesera alihutubia mkutano wa chama tawala huko Kabaya. Alikuwa msomi wa lugha na fasihi aliyepata shahada yake Canada. Aliwaambia wasikilizaji kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mkato, kupitia mto Nyabarongo. Mwanafasihi anajua uzito wa tamathali. Nyabarongo ndio mto ambao, ukishaungana na wenzake, huitwa Kagera.

Mtu wa Kagera akiisoma hotuba hiyo leo haoni tamathali yoyote. Anaona ramani.

Aprili 1994

Tarehe 6 Aprili Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwa mwenyeji wa mkutano wa wakuu wa nchi Dar es Salaam, kusukuma utekelezaji wa mkataba wa Arusha. Jioni hiyo Juvénal Habyarimana wa Rwanda aliondoka, akampa lifti Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Ndege yao ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Katika siku 100 zilizofuata waliuawa watu zaidi ya 800,000 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Serikali ya Rwanda husema walizidi milioni.

Mto ulipokea ulichopewa. Maiti zilishuka Nyabarongo, zikafika maporomoko ya Rusumo, ambapo waandishi wa habari walisimama darajani wakizihesabu mpaka wakachoka, kisha zikafuata mpaka wa Tanzania kuelekea kaskazini, zikapita Kyaka, na kuingia ziwani upande wa Uganda. Waganda walizivua na kuzizika. Makaburi matatu ya pamoja, Kasensero, Lambu na Ggolo, yana miili inayokaribia 11,000. Kandokando ya ziwa watu waliacha kula samaki. Ni maelezo ambayo kila mtu huyakumbuka, labda kwa sababu akili hukataa kubeba mengine.

Kisha wakaja walio hai. Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, halikuwa limewahi kuona umati mkubwa hivyo ukivuka mpaka kwa kasi hiyo. Walipiga kambi mahali palipoitwa Benaco, jina la kampuni ya Italia iliyojenga barabara pale, na katika majuma machache kilima kitupu kikawa mji mkubwa kuliko miji mingi ya Tanzania.

Wengi wa waliovuka hawakuwa wanakimbia mauaji ya kimbari. Walikuwa Wahutu wanaoikimbia RPF, na miongoni mwao walikuwamo wauaji pamoja na viongozi wao.

Orodha ya mgao

Hapa ndipo watu wa taaluma walipokutana na jambo ambalo hawakufundishwa. Mtoa misaada anajua maji lita ngapi kwa mtu mmoja, choo kimoja kwa watu wangapi, mahindi gramu ngapi. Ili chakula kigawanywe haraka, anahitaji viongozi wa kuwapanga watu kwa maeneo walikotoka. Benaco viongozi hao walijitokeza wenyewe, wakiwa na orodha tayari. Walikuwa mameya wa komuni zao.

Mmoja alikuwa Sylvestre Gacumbitsi, mwalimu wa zamani na meya wa komuni ya Rusumo. Katikati ya Aprili, watu waliokimbilia kanisa la Nyarubuye, ndani ya komuni yake, walikuwa wameuawa kwa maelfu. Mwandishi Fergal Keane wa BBC alifika Nyarubuye majuma machache baadaye, kisha akamkuta Gacumbitsi kambini Tanzania, na miaka kadhaa baadaye alitoa ushahidi katika kesi yake. Mwingine alikuwa Jean-Baptiste Gatete, meya wa zamani wa Murambi. Juni 1994 lilipofanywa jaribio la kumwondoa Benaco, maelfu ya wakimbizi walizingira wafanyakazi wa misaada, na mashirika yakalazimika kuwatoa watu wao kambini kwa muda.

Nimejaribu kujiweka mahali pa ofisa kijana wa ugavi, asubuhi yake, akiwa na magunia nyuma ya lori na umati mbele. Bila meya, mgao unakwama na watoto wanalala njaa. Pamoja na meya, mamlaka iliyoua inapewa chakula cha kuendeleza utawala wake. Hakuna mwongozo uliomwambia achague lipi. Mijadala mingi ya kitaaluma iliyofuata duniani juu ya misaada na wauaji imetokana na kambi kama hii na zile za Goma, Kongo.

Mwaka 1995 Shirika la Kijesuti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara. Kwizera ni kuamini, kutumaini. Rwanda ilikuwa imeangamizwa kwa msaada wa redio, RTLM, hivyo kuweka kipaza sauti kati ya wakimbizi wale kulihitaji moyo. Desemba 1996 serikali ya Tanzania na UNHCR waliwatangazia wakimbizi wa Rwanda waondoke kabla ya mwaka kwisha, na karibu nusu milioni wakarudi kwa miguu, wengi wao bila hiari.

Arusha, 1995 hadi 2015

Baraza la Usalama liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, ICTR, Novemba 1994, na Februari 1995 likaamua makao yawe Arusha. Ikapanga vyumba katika jengo la mikutano la AICC, katika jiji lilelile ambako mkataba ulitiwa saini.

Tazama waliokaa kwenye kesi ya kwanza. Mshtakiwa, Jean-Paul Akayesu, alikuwa mwalimu na mkaguzi wa shule kabla ya kuwa meya wa Taba. Mwendesha mashtaka Pierre-Richard Prosper alitoka Los Angeles, alikokuwa akishughulika na magenge ya mtaani. Jaji Laïty Kama alitoka kwenye mahakama za Senegal. Jaji Navanethem Pillay alikuwa binti wa dereva wa basi wa Durban, wakili aliyewatetea wapinzani wa ubaguzi wa rangi. Mashahidi walipoanza kusimulia ubakaji ambao haukuwamo kwenye hati ya mashtaka, hati ilirekebishwa. Hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998 ikawa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ya kwanza kusema kwamba ubakaji unaweza kuwa njia ya kuyatekeleza.

Watanzania walikuwa na jaji wao, William Hussein Sekule. Aliongoza jopo la kesi ya Butare, iliyoanza mwaka 2001 na kuhukumiwa tarehe 24 Juni 2011. Miaka kumi. Ndani yake alikuwamo Pauline Nyiramasuhuko, ofisa ustawi wa jamii aliyepanda hadi kuwa waziri wa familia na wanawake, na ambaye alikuwa mwanamke wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari. Kesi nyingine zilileta daktari, padri, na mwanahistoria Ferdinand Nahimana, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa RTLM. Kwa jumla walishtakiwa watu 93. Gacumbitsi alikamatwa Kigoma mwaka 2001. Rufaa ikampa kifungo cha maisha mwaka 2006.

Katika jengo hilohilo alifanya kazi mtu ambaye umma haukumjua. Adama Dieng wa Senegal alianza kama karani wa mahakama za mikoa na za kazi nchini mwake, akawa msajili wa Mahakama ya Juu, kisha akaongoza Tume ya Kimataifa ya Wanasheria kwa miaka kumi. Mwaka 2001 akawa Msajili wa ICTR. Msajili haandiki hukumu. Anatafuta wakalimani wa Kinyarwanda, anawasafirisha mashahidi bila majirani kujua, anasimamia mahabusu, analipa mawakili. Kwa miaka 11 majalada ya jinsi mauaji yale yalivyopangwa yalipita mezani pake. Mwaka 2012 Umoja wa Mataifa ulimteua kuwa Mshauri Maalumu wa Kuzuia Mauaji ya Kimbari.

Kiti chenye kazi isiyo na chuo

Kiti hicho kiliundwa mwaka 2004, miaka kumi baada ya mto. Wa kwanza kukikalia alikuwa Juan Méndez, wakili wa Argentina aliyefungwa na kuteswa na utawala wa kijeshi kwa kuwatetea wafungwa wa kisiasa. Wa pili, Francis Deng wa Sudan, alikuwa balozi na mwanasheria, mtoto wa chifu wa Wadinka. Wakati wa Dieng, mwaka 2014, ofisi ilitoa mwongozo wa uchambuzi wenye viashiria vikuu 14 vya hatari. Ndani yake unaona mkono wa msajili: ni jalada, lakini jalada linalofunguliwa kabla ya kesi.

Wa nne ndiye aliyenivutia zaidi, kwa sababu lugha yake ni yetu. Alice Wairimu Nderitu wa Kenya alianza kazi miaka ya 1990 katika Idara ya Magereza, akifanya utafiti. Akahamia Tume ya Haki za Binadamu kufundisha, na mwaka 2009 akawa kamishna wa tume ya utangamano, NCIC. Kenya ilikuwa imetoka kupoteza watu zaidi ya 1,100 katika ghasia za baada ya uchaguzi, zilizozimwa Februari 2008 na jopo la Kofi Annan, Graça Machel na Benjamin Mkapa. Mkapa mwenyewe, kabla ya siasa, alikuwa mhariri wa gazeti.

Nderitu na wenzake walianzisha jukwaa la Uwiano kabla ya kura ya katiba ya mwaka 2010. Mwananchi aliyeona dalili ya vurugu alituma ujumbe bure kwenda namba 108, na ujumbe ukatafutiwa mtu wa karibu wa kwenda kuzima moto. Nakuru ilikuwa kazi ndefu: vikao vya wazee wa Kikuyu, Kalenjin na jamii nyingine kwa zaidi ya mwaka, yeye akiwa mwanamke miongoni mwa wapatanishi, hadi makubaliano ya Agosti 2012. Mtu aliyeanza kazi gerezani amezoea kuzungumza na wenye makosa bila kuwaonyesha kwamba ameshawahukumu, na bila kusahau walilolitenda. Nadhani ndiyo siri yake, ingawa sikumsikia akisema hivyo. Alikikalia kiti cha Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 2020 hadi 2024.

Kamati, na operesheni

Desemba 2006, jijini Nairobi, nchi za Maziwa Makuu zilitia saini mkataba wa usalama na maendeleo wenye itifaki ya kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari. Kamati ya kanda ikaanza kazi mwaka 2010. Tanzania ikazindua kamati yake ya taifa mwaka 2012, ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo kufanya hivyo. Ndani yake waliwekwa watumishi wa wizara na watu wa dini na asasi za kiraia. Kazi yao si ya kushangilia: kuwaketisha masheikh na wachungaji, wakulima na wafugaji, kabla mtu hajashika panga.

Mwaka uliofuata, Julai 2013, Rais Jakaya Kikwete aliwapa wahamiaji wasio na vibali wa mikoa ya magharibi majuma mawili waondoke, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga. Ujambazi wa barabarani Kagera ulikuwa wa kweli, nani hakuuona? Lakini katika msako huo walitolewa pia watu waliozaliwa hapa, wazee waliokuja na wimbi la 1959, wanawake walioolewa na Watanzania. Familia ziligawanywa na mto uleule. Hayakuwa mauaji ya kimbari, wala hayakukaribia. Bado, kumtenga jirani kwa asili yake, kumtaka karatasi ambayo hakuna aliyewahi kumpa, kumwita mgeni mahali alipozika wazazi: mtu wa kuzuia akiviona vitu hivyo anafungua jalada. Nchi iliyowafunza wengine Arusha ilipaswa kuviona kwake kwanza.

Novemba 2016 majengo ya chombo kilichorithi kazi za ICTR yalifunguliwa Lakilaki, nje ya Arusha. Na mwaka 2025 Mshauri Maalumu wa tano aliteuliwa, Chaloka Beyani wa Zambia, profesa wa sheria za kimataifa jijini London. Kati ya watano, wanne ni Waafrika. Beyani alitumia miaka sita kama mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa ndani, na kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa wanasheria walioandaa mkataba ule wa Maziwa Makuu, ule wenye itifaki iliyozaa kamati yetu.